Kurudi Naxos: siku tisa zilizopangwa na upepo

Kabla ya kuondoka

Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Cyclades huko Ugiriki, karibu kilomita za mraba 430, na ndiyo maana hakichoshi kurudiwa. Kina fukwe ndefu upande wa magharibi na milima katikati. Kina ng'ombe, viazi, jibini na marumaru. Ni kisiwa ambacho watu wake wangekula na kushiba hata kama mtalii asingefika, na jambo hilo linaonekana mezani.

Anayerudi haulizi tena aende wapi, anauliza aende lini. Kuanzia Julai, na mara nyingi mpaka katikati ya Septemba, bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Una msimu wake kama kaskazi na kusi zetu. Mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa juu ya Balkani, mdogo hukaa juu ya Uturuki iliyochemka kwa jua, na hewa hupita katikati ikishuka kusini kwa nguvu. Huamka asubuhi ikishakuwa kubwa, hufikia kilele alasiri, hulegea usiku. Ukishika, unaweza kukaa siku 3, 5 au zaidi. Kwa hiyo kuanzia siku ya 2, kila siku hapa chini inaanza na kipimo cha upepo kwa namba za Beaufort, ambazo hata wenyeji ndizo wanazotumia: "eksi bofor", yaani bofor sita. Bofor 4 unapeperusha taulo. Bofor 6 ni kilomita 39 hadi 49 kwa saa, 7 inafika 61, na 8 inafika 74.

Muda uliochaguliwa ni mwanzo wa Septemba. Maji ya bahari bado ni kama nyuzi 24, bei za vyumba zimeshuka, na msongamano wa tarehe 15 Agosti umepita. Siku hiyo ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, ambapo nusu ya Athens huwa imepanda meli kwenda visiwani.

Viza ya Schengen, ya kuingilia Ugiriki na nchi nyingi nyingine za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka. Anayerudi ana faida yake: aliyepata na kutumia vizuri viza 3 ndani ya miaka 2 iliyotangulia anastahili kufikiriwa viza ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka mara nyingi. Ambatanisha nakala za viza za zamani hata kama hazikuombwa. Kosa linalowaangusha wengi ni kuweka nafasi ya chumba kwa tarehe zisizolingana na za tiketi ya ndege, hata kwa usiku mmoja.

Habari njema kwa wanaotoka Afrika Mashariki ni kwamba saa hazibadiliki. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Athens ni ile ile ya Dar es Salaam na Nairobi. Ila tiketi ya meli iliyoandikwa 07:25 ni saa moja na dakika 25 asubuhi. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Siku ya 1, Jumatatu. Athens hadi Piraeus

Ndege za kupitia Doha, Dubai au Istanbul hufika Athens kwa nyakati tofauti, na muda wa kufika ndio unaoamua usafiri wa kwenda bandarini. Mchana, panda metro ya mstari wa bluu, namba 3, inayokwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Piraeus kwa kama saa moja. Tiketi ni euro 9. Usiku metro hulala, basi la X96 halilali. Nauli yake ni euro 5.50, na hutumia saa moja hadi moja na nusu.

Mfumo mpya wa mipaka ya Ulaya ulioanza Oktoba 2025 unachukua alama za vidole na picha badala ya kugonga muhuri. Foleni zinaweza kuwa ndefu, basi usipange kuunganisha ndege na meli siku hiyo hiyo ikiwa unatua asubuhi. Lala Piraeus. Ni bandari ya kazi, haina mapambo, lakini ukilala ndani ya mwendo wa dakika 10 kutoka kituo cha metro, asubuhi unavuka barabara tu na umefika lango la E6, eneo ambako meli nyingi za Cyclades hupakia. Malango yote ya bandari hii yameenea kwa kilomita kadhaa, na wanaokosa meli ni wale walioamini kwamba "bandari ni bandari". Namba ya lango ihakikishe jioni iliyotangulia.

Kwenye metro, mkoba uwe mbele ya kifua, si mgongoni. Wezi wa mifukoni wanaijua njia ya uwanja wa ndege kuliko abiria.

Siku ya 2, Jumanne. Bofor 4. Kuvuka

Meli kubwa ya asubuhi huondoka karibu saa moja na nusu, hupitia Paros, na hufika Naxos baada ya saa 5 na kitu. Boti za mwendo kasi hutumia saa 3 na nusu hadi 4 kwa bei ya juu zaidi. Ushauri ni meli kubwa, bila kusita. Boti ya mwendo kasi haina sitaha ya kukaa nje, hurushwa zaidi na mawimbi, na upepo ukipanda ndiyo ya kwanza kuzuiwa na mamlaka ya bandari. Meli kubwa huendelea kwenda wakati hizo zimefungwa kamba.

Tiketi ya bei ya chini haina kiti chenye namba. Ukiongeza euro chache unapata kiti cha ndani kama cha ndege, na kwa anayesafiri na watoto au wazee hela hiyo ina thamani. Wengine wapande dakika 45 kabla, wapate meza upande wa demani, yaani uliokingwa upepo. Meli ikielekea kusini-mashariki na upepo ukitoka kaskazini, upande huo ni wa kulia. Mwenye kuchafukwa na tumbo akae katikati ya meli na chini, sio mbele ambako kila wimbi linahesabiwa.

Mizigo mikubwa huachwa chini, kwenye gereji ya magari, katika rafu zilizoandikwa majina ya visiwa. Soma jina. Begi lililowekwa rafu ya Santorini halishuki Naxos mpaka mwenyewe alitafute, na meli haikai Naxos zaidi ya robo saa au dakika 20. Tangazo likitoka, shuka gereji papo hapo, simama karibu na begi, subiri mlango wa nyuma ufunguke. Waliolala usingizi juu wamejikuta Santorini, na kurudi ni tiketi nyingine.

Meli ikiingia, kitu cha kwanza kuonekana ni Portara: mlango wa marumaru unaosimama peke yake kwenye kisiwa kidogo cha Palatia, kilichounganishwa na mji kwa njia ya mawe. Ni mlango wa hekalu la Apollo lililoanzwa kama mwaka 530 kabla ya Kristo, wakati wa mtawala Lygdamis, na halikumalizwa. Una kimo cha kama mita 6. Aliyewahi kuuona akiuona tena moyo hutulia.

Kituo cha mabasi kiko pale pale mbele ya gati. Tiketi nunua kabla ya kupanda. Hadi Agios Prokopios, kama kilomita 6, nauli ni karibu euro 2. Basi la kwanza baada ya meli hujaa pomoni. Subiri la pili ukinywa kahawa.

Mwenye nyumba humpokea mgeni kwa "kalos irthate", karibuni. Anayerudi asijibu "asante" tu. Jibu lenyewe ni "kalos sas vrikame", tumewakuta salama. Maneno hayo matatu yanafungua milango kuliko euro 50, na kwa mtu aliyelelewa kuitikia "karibu" kwa "starehe" hayana ugumu wowote.

Chumba: aliyewahi kukaa aombe chumba kile kile au kilicho upande wa kusini. Roshani inayotazama kaskazini ni nzuri kwenye picha, ila meltemi ikivuma milango inagongana usiku kucha na taulo zinaruka kwa jirani. Maji ya moto yanatoka kwenye paneli za jua juu ya paa: jioni ni tele, alfajiri hayapo mpaka uwashe swichi ya boila dakika 20 kabla. Karatasi ya chooni haitupwi ndani ya choo, mabomba ni membamba na huziba. Kuna ndoo yenye kifuniko kwa kazi hiyo.

Kodi ya serikali ya kukabili mabadiliko ya tabianchi hulipwa hapo hapo, na kwa kawaida haimo kwenye bei ya mtandaoni. Kwa miezi ya Aprili hadi Oktoba, tangu 2025, hoteli ya nyota 1 au 2 ni euro 2, nyota 3 ni euro 5, nyota 4 ni 10, nyota 5 ni 15. Hiyo ni kwa chumba kwa usiku mmoja, si kwa kila kichwa. Dai risiti.

Siku ya 3, Jumatano. Bofor 2. Fukwe kwa miguu

Bahari shwari, kwa hiyo siku nzima ni ya maji. Anza Agios Prokopios, ufukwe wa karibu kilomita moja na nusu, uliokingwa upande wa kaskazini na kilima cha Stelida. Chota mchanga wake uutazame: chembe ni kubwa kama chenga za mchele, nyeupe na za dhahabu, zimechanganyika na vipande vidogo vya mawe ya kung'aa. Mchanga huo haugandi mwilini na haupeperuki machoni. Ubaya wake ni kwamba unafanya mteremko mkali: hatua chache tu na maji yamefika kifuani. Wasiojua kuogelea na watoto wadogo waende Agios Georgios, pale pale mjini, ambako kina huongezeka polepole sana.

Kwa mtu wa pwani yetu kuna jambo la kuzoea. Maji hapa hayapwi wala hayajai kwa kiasi cha kuonekana. Hakuna bamvua wala maji mafu. Ulipotandika taulo asubuhi ndipo patakapokuwa pakavu jioni, na hakuna mwamba unaojitokeza saa sita. Lakini kwenye mawe ya kando wapo viumbe wenye miiba mieusi kama nungunungu, na mwiba wake ukikatikia kwenye kisigino unaharibu siku tatu. Viatu vya mpira ni lazima penye mawe.

Kutoka Agios Prokopios, tembea kusini kupitia Agia Anna mpaka Plaka, ufukwe wa kilomita 4 hivi. Sehemu ya kwanza ina viti na miavuli ya kukodi, bei imeandikwa ubaoni. Kadiri unavyokwenda kusini viti hupungua, kisha vinaisha, unabaki wewe na vichuguu vya mchanga. Chukua lita moja na nusu ya maji kwa mtu na mwavuli wako, kwani kivuli cha asili ni haba. Kurudi ni kwa basi la Plaka, na kituo cha mwisho ndicho cha uhakika kupata kiti.

Jioni, chakula. Samaki wa siku huuzwa kwa kilo. Mwambie mhudumu ampime mbele yako na akutajie bei kabla hajaenda jikoni. Nyota ndogo au herufi "κατ." kando ya jina kwenye menyu maana yake ni bidhaa iliyogandishwa. Ngisi na kamba mara nyingi ndivyo walivyo, na si kosa, ila bei isiwe ya samaki wa leo. Asiyekula nguruwe ajifunze neno "hirino", ndiyo nyama hiyo. "Mos-hari" ni ya ng'ombe, na Naxos ina ng'ombe wazuri. Rosto, chakula maarufu cha kisiwa, ni nguruwe. Kalogeros ni ng'ombe kwa biringanya na jibini.

Siku ya 4, Alhamisi. Bofor 5, unapanda. Kusini kwa gari

Utabiri ulionyesha 7 kwa siku mbili zijazo, hivyo leo ni siku ya mwisho ya bahari kwa muda, na fukwe za kusini ndizo zenye kinga.

Gari la kukodi linahitaji leseni ya nchi yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nyumbani kabla ya safari. Ugiriki huendesha kulia. Kwa Mrundi, Mnyarwanda au Mkongo hakuna jipya. Kwa waliozoea kushoto, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, kosa la siku ya kwanza ni lile lile: dereva sasa amekaa kushoto, lakini mwili unadhani bado upo kulia, basi gari linasukumwa pembeni na tairi za upande wa abiria zinakwaruza kuta za mawe. Dawa yake ni kujiweka wewe dereva karibu na mstari wa katikati. Gia sasa ni ya mkono wa kulia. Ukikunja kushoto, sema kwa sauti "njia ya mbali". Inasaidia kweli.

Piga picha za gari pande zote, tairi na chini pia, kwa kuwa bima ya kawaida mara nyingi hailipi tairi wala uvungu kwenye barabara za vumbi. Jaza mafuta mjini kabla ya kupanda, kwani milimani vituo ni vichache. Pikipiki kwa asiye na daraja lake kwenye leseni ni hatari mara mbili, maana bima haitamtambua.

Njiani pita hekalu la Demeter, karibu na Sangri, la kama mwaka 530 kabla ya Kristo. Ni dogo, limejengwa upya kwa vipande vyake lenyewe, na lilikuwa la marumaru mpaka vigae vya paa. Marumaru ya Naxos yakichongwa membamba hupitisha mwanga, kwa hiyo waumini walisali chini ya paa linalong'aa. Baadaye likageuzwa kanisa. Simama ndani upande wa jua utazame kingo za mawe, utaona mwanga unavyoingia kidogo ndani ya jiwe kabla ya kurudi.

Kutoka hapo shuka Alyko. Pana kichaka cha miti ya mreteni inayohifadhiwa kisheria, vighuba vidogo vya mchanga, na mifupa ya hoteli ya zege iliyoachwa bila kumalizika, sasa imejaa michoro ukutani. Vighuba vinavyotazama kusini vilikuwa shwari kabisa wakati Mikri Vigla, kaskazini yake, wacheza tanga na kite walikuwa wanaruka juu ya maji. Egesha barabarani, usiingize gari mchangani. Kulivuta ni gharama na mizizi ya miti inakufa.

Siku ya 5, Ijumaa. Bofor 7. Vijiji

Bahari imechafuka, nyeupe hadi upeoni. Boti za matembezi zote zimefungwa. Hii ndiyo siku ambayo mgeni wa mara ya kwanza hukaa chumbani akinung'unika, na mzoefu huenda milimani.

Halki, kama kilomita 16 kutoka mjini, imejificha kwenye bonde la mizeituni ambako upepo unasikika juu tu. Hapo kuna kiwanda cha Vallindras, cha mwaka 1896, kinachotengeneza kitron. Ni kinywaji cha pombe kinachotokana na majani, si tunda, ya mti wa jamii ya ndimu wenye matunda makubwa ya ganda nene. Majani huchumwa kuanzia vuli hadi kipindi cha baridi yakiwa na harufu kali, hulowekwa, kisha huchemshwa kwenye mtambo wa shaba. Ya kijani ndiyo tamu na nyepesi zaidi, asilimia 30. Nyeupe ni 33. Ya njano ni 36 na haina sukari nyingi. Asiyekunywa pombe atafute ganda la tunda hilo lililopikwa kwa sukari, hutolewa kwenye kisahani na kijiko pamoja na maji baridi. Ni tamu sana. Kipande kimoja kinatosha.

Nunua jibini hapa au mjini. Graviera ya Naxos, ambayo jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, ni ya maziwa ya ng'ombe zaidi, laini, yenye ladha kama ya karanga. Arseniko ni kali. Omba wakufungie kwa mfuko usio na hewa, na uipakie kwenye begi la kupakizwa, si la mkononi.

Apeiranthos iko juu zaidi, karibu mita 600, na vichochoro vyake vimetandazwa marumaru. Miguu ya karne nyingi imeyasugua mpaka yanang'aa, na yakilowa hata kwa maji ya kumwagilia maua yanateleza kama sabuni. Vaa viatu vya soli ya mpira. Hapa ndipo alipozaliwa Manolis Glezos mwaka 1922, yule aliyepanda Acropolis, kilima cha mahekalu katikati ya Athens, na mwenzake Apostolos Santas usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1941 wakaishusha bendera ya Wanazi. Wanakijiji wengi waliishi kwa kuchimba jiwe gumu la kunolea na kutengenezea msasa. Lilishushwa hadi bandari ya Moutsouna kwa ndoo zilizoning'inia kwenye waya wa angani. Nguzo zake bado zimesimama mlimani, na ukishuka Moutsouna unazifuata kwa macho.

Kaa mezani nje, upande uliokingwa. Agiza viazi vya kukaanga vya Naxos na mayai. Ni chakula cha kawaida kabisa, na viazi hivyo havina mfano.

Siku ya 6, Jumamosi. Bofor 7. Mjini

Upepo haujashuka. Siku ya kufua, kubadilisha pesa na kutembea Kastro, ngome iliyoanzishwa na Marco Sanudo wa Venezia mwaka 1207. Vichochoro vyake vilijengwa vikipinda, na upepo unakatika kila kona. Aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ataielewa hekima hiyo bila kuelezwa.

Portara wakati wa machweo, saa moja na nusu na ushei jioni, ni desturi. Lakini penye bofor 7 mawimbi yanaruka juu ya njia ya mawe na kulowesha watu mpaka kiunoni. Hesabu: kila baada ya mawimbi kadhaa huja moja kubwa, likipita ndipo uvuke. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa aliye na meli siku kama hii, haki zake ni hizi. Safari ikifutwa, au ikitarajiwa kuchelewa zaidi ya dakika 90, kampuni inapaswa kumpa achague kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa safari nyingine. Fidia ya ziada na hoteli hazidaiwi kama sababu ni hali ya hewa inayohatarisha chombo. Nenda ofisini mapema, siti za meli inayofuata hujaa ndani ya saa chache.

Siku ya 7, Jumapili. Bofor 3. Mlima Zas

Usiku upepo ulikatika. Bahari bado ina mawimbi ya jana, kwa hiyo boti zisubiri, mlima ndio wa leo. Kwenye bofor 6 kwenda juu Zas haupandwi, kwa sababu mgongo wa juu uko wazi na upepo unakusukuma ukingoni.

Gari liache kijijini Filoti, si kwenye chemchemi ya Aria, maana njia hii ni ya mzunguko na utatokea kwingine. Uwe chemchemini saa moja asubuhi, jua linapochomoza. Jaza maji hapo, lita 2 kwa mtu. Mbele hakuna mengine wala kivuli. Baada ya kama dakika 20 unafika pango la Zas, refu na lenye unyevu, lenye kuhitaji tochi. Juu ya pango ndipo pagumu: mkondo mkali wa mawe yaliyolegea. Fuata marundo madogo ya mawe na alama za rangi. Watu waachane hatua 5 au 6, wasipangane mmoja chini ya mwenzake, kwani jiwe likiponyoka linamfuata wa chini. Kushuka kwa njia hii hakufai, magoti na mawe haviafikiani.

Kileleni, mita 1,004, kwa mwendo wa wastani ni saa moja na nusu kutoka chemchemini. Paros iko magharibi karibu kuigusa. Kusini ni Ios na Santorini, mashariki ni Donousa, na Koufonisia na Amorgos kusini-mashariki. Shuka kwa njia ya kanisa dogo la Agia Marina, yenye mteremko wa kistaarabu. Kando yake lipo jiwe lenye maandishi ya kale yanayoutaja mlima huu kuwa wa Zeus mlinzi wa kondoo. Ni rahisi kulipita bila kuliona. Mbuzi wakikuzunguka, punguza mwendo. Toka Agia Marina kuna kijia cha kushukia Filoti. Mzunguko wote ni kama saa 4 pamoja na mapumziko.

Siku ya 8, Jumatatu. Bofor 2. Koufonisia

Bahari kama kioo, siku ya kisiwa kidogo. Hapa wengi hukosea meli. Express Skopelitis, meli ndogo inayohudumia visiwa hivi, ina makao Katapola, Amorgos: huja Naxos asubuhi na kurudi mchana. Ni nzuri kwa anayelala Koufonisia, haifai kwa kwenda na kurudi siku moja. Kwa siku moja, tumia boti ya matembezi ya asubuhi, na ulipie jioni ya kuamkia safari, baada ya kuona utabiri, si wiki moja kabla.

Ukishuka Ano Koufonisi, shika njia ya ufukweni kwenda mashariki: Finikas, Fanos, Italida, kisha Pori, kama saa moja kwa miguu. Kofia, maji, viatu. Maji ya Pori ni ya rangi ya feruzi iliyopauka, na mchanga ni laini tofauti kabisa na wa Agios Prokopios. Anza kurudi bandarini saa moja na nusu kabla ya boti kuondoka.

Siku ya 9, Jumanne. Bofor 4. Kurudi

Ondoka kisiwani angalau siku moja kamili kabla ya ndege ya kimataifa, na siku mbili ikiwa utabiri unaonyesha 7. Meli ya mchana ikitoka Naxos hufika Piraeus jioni. Uwanja wa ndege wa Naxos una njia fupi ya kurukia, mita 900, kwa hiyo ndege zake ni ndogo za pangaboi. Safari ya Athens haifiki saa moja, ila kilo za mizigo ni chache na viti huisha mapema.

Asubuhi inatosha kuogelea mara moja. Nguo za kuogelea zikamuliwe zifungwe kwenye mfuko wa plastiki juu ya begi, jibini katikati ya nguo. Mwambie mwenye nyumba tarehe za mwakani kabla hujakabidhi ufunguo, umtajie chumba kwa namba yake. Ataandika kwenye daftari. Uwe gatini dakika 40 kabla. Kuna malango kadhaa ya kusubiria, kila meli na lake, na jua la saa saba mchana halina huruma, basi kaa kwenye kivuli cha banda mpaka uone jina la meli yako likizunguka Palatia.